Ndara Yenye Mayai

Binti yangu Shahad hana makuu. Dhahabu havai, harusi haendi, ila vidudu tangu utotoni kavipenda. Mwaka 2004, alipokuwa anamalizia chuo, alileta nyumbani kwetu Hail, huku ughaibuni tunakoishi, ndara moja kuukuu iliyookotwa baharini, imegandwa na chembe za rangi ya chungwa. Akaitia kwenye beseni langu la kufulia, maji ya bahari tele, ukumbini.

"Mama, hayo mayai. Kuna wadudu wanaishi juu ya maji, huko katikati ya bahari. Mbawa hawana, nchi kavu hawafiki. Jike hutaga juu ya chochote kinachoelea. Unyoya, kigogo, hata ndara."

"Na huna pa kuyaweka ila hapa kwangu?"

"Chuoni baridi ya kiyoyozi itayaua. Awadh, yule mvuvi wa Sidab, kaniokotea hii moja tu. Yasipoanguliwa sina cha kuandika. Nitarudia mwaka."

Nikamwachia beseni. Lakini ndara yenyewe ilielea kifudifudi, soli inatazama mbinguni. Kwetu Unguja, nilikokulia, kiatu hakiachwi hivyo. Ni kumwonesha Mungu uchafu wa nyayo. Kila nikipita mkono unakwenda wenyewe. Naigeuza, nasema astaghfirullah, narudi kwenye mchele wangu.

Siku ya tatu Shahad akapiga ukelele. "Nani anaigeuza? Nimeyalaza chini yapate maji! Tazama, yamekauka!"

"Soli ilitazama juu, mwanangu."

"Mama! Mdudu anajua adabu hiyo?"

"Mimi naijua!"

Yalisalimika machache, pale kwenye kamba penye unyevu. Alilia huku akiirudisha ndara kifudifudi. Nami nikaikasirikia ndara, nikamkasirikia Awadh, na zaidi mkono wangu. Mwisho nikachukua kawa la kufunikia chakula, nikalifunika beseni. Nisichokiona sitakigeuza.

Kuchungulia, lakini, nnachungulia. Jumamosi asubuhi, Shahad yuko chuoni, nikainua kawa. Kitu kidogo kuliko ufuta kinateleza juu ya maji. Kingine nyuma yake. Nikampigia simu.

"Wametoka."

"Wangapi?"

"Wanne. Watano. Hawatulii, wamekurithi wewe. Njoo uwahesabu mwenyewe."

"Mama, usiguse kitu!"

"Sigusi. Ila akishatoka wa mwisho, ndara hiyo naigeuza."