Eria Iliyovua Samaki

Sisi tuliokulia Mbebe enzi zile za kuanika betri juani ili redio ipate nguvu ya kumalizia mpira, kungoja tulikujua. Ulingoja ukungu upande ndipo uone ng'ombe wako wapi. Ulingoja baba amege tonge la kwanza ndipo nawe unyooshe mkono. Ukinung'unika, mama anasema, "Subira huvuta heri," na chakula chako kinazidi kuchelewa.

Redio yetu ilikoroma kutwa kwa sababu ya milima. Basi ile miaka mitumba ilipoanza kufurika mpakani, baba alikwenda Tunduma akarudi na ufito mrefu wa rangi ya asali, vipande viwili vya kuchomekana, wenye vipete vidogo vya chuma kutoka kwenye mpini hadi nchani. Mfanyabiashara wa kutoka Zambia alikuwa amemwambia, "Iyi eria, mudala! Utapata mpaka Lusaka." Baba akaamini kuwa hiyo ni antena ya redio, maana vile vipete vilionekana kabisa kama njia ya kupitishia waya. Akapanda juu ya paa, akaufunga, akapitisha waya wake, majirani wakajaa uani kusikiliza. Redio ikakoroma vilevile, ila safari hii mbele za watu.

Aliyetufumbua macho ni mjomba Ambakisye, kaka yake mama, aliyewahi kuwa mpishi wa Wazungu kule Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe. Alipouona ule ufito juu ya nyumba alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji," alisema, "hiyo ni fimbo ya kuvulia samaki. Ni faiba hiyo, si mwanzi. Sasa huko juu utavua nini, mwewe?"

Baba hakupenda kuchekwa, lakini hakupenda pia kitu kikae bure. Mjomba akatusukia mshipi mnene kwa nyuzi za kiroba, akaupaka nta ya nyuki ili uelee. Kwenye ndoana hatukuweka chambo. Tulifunga manyoya yaonekane kama nzi aliyeangukia maji, na manyoya yalitoka kwenye shingo ya jogoo wa mama. Ilifika mahali yule jogoo akawa anawika akiwa amejificha nyuma ya jiko. Mama alilalamika wiki nzima, na samaki walipoingia chunguni akalalamika huku anakula.

Nikifumba macho hata sasa naliona bonde letu asubuhi, ukungu umelala juu ya maji, harufu ya mnanaa mwitu tuliokanyaga, miguu yangu imekufa ganzi kwa baridi. Baba amesimama hadi magotini. Anaurusha mshipi nyuma, anangoja, ndipo anaupeleka mbele, nao unatua bila kishindo. Waliokuwa wanapita kwenda shamba waliuliza, "Leo mto umekosa nini mpaka unachapwa?" Baba alirusha tena. Aliponipa mimi ile fimbo, na mimi nikaharakisha, manyoya yakanasa kwenye kanga yangu, akaniita jina langu na kusema neno lile alilolisema kila siku: "Tumpe, iache ifike nyuma kwanza." Samaki akishika, ile faiba ilijikunja polepole kutoka nchani mpaka kwenye kiganja, ukamsikia samaki mkononi kama mtu anayekuvuta aseme nawe. Nilikuwa na furaha ambayo sikuijua jina.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikahamia Tunduma. Kisha baba akapata kiharusi. Mguu ulirudi, lakini mkono wa kulia ulibaki mzito, hausikii moto wala baridi. Alikaa kibarazani akiutazama kama mgeni asiyeaga. Kilichomuuma zaidi ni mto. Kila asubuhi aligeuzia kiti chake upande wa bondeni.

Mwanangu Baraka, kijana wa simu na haraka, akamletea babu yake fimbo mpya ya kaboni, nyeusi, inang'aa, imo ndani ya mfuko wake. "Babu, hii ndiyo ya kisasa. Nyepesi balaa! Ukigusa tu, imeshafika." Tukashuka naye mtoni pole pole. Baba akaishika, akairusha, mshipi ukaanguka kama kamba ya mbuzi. Akajaribu tena. Mwishowe akanirudishia, macho yamemlowa. "Nyepesi mno, mwanangu. Sijui kama nimeishika au sijaishika. Turudi nyumbani."

Nilimwomba anisubiri hapo na Baraka, nikapandisha kilima peke yangu moyo ukiniuma. Nikamkuta mama bustanini, nikamuuliza ile ya zamani iko wapi. Akanionyesha kwa kidole: imesimikwa shambani, maharage yameipanda mpaka juu. Mwanzi ungekwisha oza. Faiba ilikuwa imepauka rangi tu. Tuliyazongoa maharage moja moja, maana mama hakukubali hata moja likatike, nikairudisha mtoni.

Baba aliipokea, na uzito wake ukakishusha kiganja chake. Akatabasamu. Baraka akasogea, "Babu, rusha basi!" Baba akasema bila kugeuka, "Iache ifike nyuma kwanza." Mshipi ukaenda nyuma, ukanyooka, ukarudi mbele, ukatua. Tukangoja. Hata Baraka alingoja, simu ikamlilia mfukoni asiipokee. Kisha ile faiba ikainama, polepole, ikaja ikijikunja mpaka kwenye mpini, na bega zima la baba likatikisika.

"Naisikia," alisema. "Tumpe, naisikia."

Siku hizi vitu ni vyepesi na vinafika upesi, nami sivichukii, nauza simu hizo hizo dukani na mwanangu. Ile kaboni bado imo ndani ya mfuko wake, Baraka anasema ataitoa akipata nafasi. Baba ametangulia, mjomba naye. Faiba niliirudisha shambani kwa mama, na nikienda likizo huyazongoa maharage, nikashuka nayo bondeni asubuhi na mapema. Nikirusha, huwa nangoja kidogo zaidi ya inavyohitajika, labda nitaisikia ile sauti nyuma yangu.