Boneti Juu ya Banda la Kuku

Nina diploma ya ufundi wa magari, na kwa miaka minane kule Qatar kazi yangu ilikuwa kuandika makadirio ya magari yaliyogongwa. Nilirudi Kitale nikanunua gari kwa jasho langu, bila mkopo wa mtu. Kwa hiyo trekta jekundu liliporudi nyuma pale Kiminini na kuikunja boneti yangu, sikubabaika. Niliripoti polisi, nikaiarifu bima, nikazunguka gereji tatu za Kitale nikiwasahihishia mafundi makadirio yao. Mmoja alisahau kabisa taa ya kushoto.

Lakini Jumamosi nilikuwa msemaji wa familia katika mazungumzo ya mahari ya mtoto wa kaka yangu, huko Bungoma. Msemaji hafiki kwa wakwe na gari lililokunjamana. Ijumaa fundi wa Bungoma akanibadilishia boneti na taa, nami nikaingia kwa wakwe gari likimetameta. Tulisikilizwa vizuri sana.

Jumatatu mkaguzi wa bima akapiga simu. "Gari liko wapi, nilione kabla halijaguswa?"

Nikamwambia limeshatengenezwa. Qatar niliwarudisha wateja wengi kwa kosa hilohilo. Bila kitu cha kuonyesha, bima isingelipa.

Boneti ya zamani nilikuwa nimempelekea mama kijijini Bokoli. Mkaguzi, dada mtaratibu, alikubali twende. Tuliikuta imeezekwa juu ya banda la kuku, imekandamizwa kwa mawe manne. Alipanda kwenye kigoda, akapiga picha ya rangi nyekundu iliyoganda kwenye mkunjo, akasoma tena ripoti ya polisi.

"Inalingana," akasema. "Lakini mama, vyuma vya zamani ni mali ya bima. Itabidi niibebe."

"Beba. Na kuku watalala kwako?"

"Ni sheria, mama."

Mama akanigeukia. "Si wewe ndiye msomi wa magari? Ati diploma. Haikukuambia ungoje?" Mkaguzi akainama kuficha kicheko. "Sasa baba, hiyo kitu haitoki hapo mpaka uniwekee mabati."

Nilikwenda Webuye nikarudi na bati jipya. Nikavua koti, nikapigilia misumari kwa nafasi sawasawa, kama nilivyofunzwa. Mkaguzi alikaa kivulini akila njugu za mama, na nilipomaliza alikuwa ameshatia sahihi fomu yangu ya malipo.

Mama alilizunguka banda mara mbili, akalisukuma kwa kiganja.

"Hapa umesoma," akasema.