Matundu ya Boti ya Vita

Kaka yangu alipopigwa redandasi kiwandani, yaani kupunguzwa kazini, hakutuambia. Aliendelea kutoka asubuhi na mfuko wake wa chakula kama kawaida, akarudi jioni. Mimi niligundua kwa viatu vyake, vilikuwa vikirudi na mchanga, na kwenye kiwanda cha nguo hakuna mchanga. Nikamfuata siku moja. Nilimkuta ufukweni Kirumba, amekaa juu ya jiwe, akiitazama ile boti iliyotelekezwa pale tangu vita vya Kagera viishe.

Ilikuwa boti ya doria, ya chuma, si kubwa. Wakati wa vita ilivusha askari na risasi kwenda pande za Bukoba, na kaka alikuwa fundi wa injini humo ndani. Rafiki yake, kijana Mjita aliyeingia naye jeshini, alisimama na bunduki upande wa mbele. Walipokuwa wakikaribia nchi kavu asubuhi moja, walimiminiwa risasi kutoka migombani. Zilitoboa ukuta wa boti, zikampata yule kijana aliyekuwa ameuegemea. Akazikwa huko huko Kagera, na mama yake hakuwahi kufika kaburini.

"Nataka kuitengeneza," kaka aliniambia pale pale juu ya mawe.

"Iende wapi?"

"Isiende popote. Ikae, watu waione."

Nilimwonea huruma, maana Mwanza ya miaka ile ilikuwa na habari moja tu, minofu ya sangara. Viwanda vilikuwa vikichipuka kando ya ziwa, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, nasi tukabaki na mapanki, vichwa na mifupa ya kukaanga. Nani angekumbuka boti? Lakini wastaafu wenzake wa jeshi walijitokeza, wakaomba ruhusa, wakapewa. Wengi wao nao walikuwa wamepunguzwa kazini. Wakaanza kukwangua kutu. Mimi nilikuwa nawapelekea uji, na nikirudi nyumbani nguo zangu zilikuwa zimejaa vumbi jekundu.

Kaka alibadilika. Alikuwa anakula, alikuwa analala. Akasafiri hadi Majita kumwona mama wa marehemu, akamwambia njoo siku ya kuizindua.

"Matundu yapo vile vile, mama," alimwambia. "Utaweka mkono wako pale pale."

Yule mama, alinisimulia kaka, aliinuka. Aliingia ndani, akatoka na kitenge kipya, akauliza kama kinafaa kwa safari.

Halafu malaria ikamkamata kaka. Alilala chini wiki nzima, na mimi nilishinda kitandani kwake nikimkanda maji. Huko ufukweni wenzake walikuwa na haraka, wakubwa walikuwa wameahidi kuja, na boti yenye matundu waliona ni aibu kuwaonyesha wageni. Wakaita fundi wa kuchomelea. Akaziba matundu yote, ya risasi na ya kutu, akasaga kwa grenda mpaka chuma kikawa laini, wakapaka rangi ya kijivu ndani na nje. Hawakuwa na nia mbaya. Walidhani wanamfurahisha mgonjwa.

Kaka alifika pale asubuhi ya sherehe, miguu ikiwa bado haina nguvu, nimemshika mkono. Aliitazama ile boti inavyong'aa. Akapitisha kiganja ukutani, akarudisha, akapitisha tena.

"Nani amewaambia mzibe?" aliuliza.

"Ilikuwa inatia huruma, ndugu yetu," mwenzake mmoja alimjibu. "Sasa si imependeza?"

Mama wa marehemu alifika na basi la asubuhi, amejifunga kile kitenge. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kututazama, macho yake yalikuwa kwenye boti. Wakampandisha ndani kwa ngazi. Wageni walikuwa hawajafika, kwa hiyo tulikuwa sisi tu.

"Ni wapi?" akauliza.

Kaka akaweka mkono ukutani. Kisha akausogeza. Kisha akausogeza tena, mbali zaidi.

"Mwanangu," mama alisema polepole, "na wewe hujui?"

Kaka akashuka, akaokota kikwangulio, akapanda tena, akaanza kukwangua rangi mpya. Wenzake walimpigia kelele, wageni wanakuja, unaharibu! Hakuwasikia. Alikwangua mahali pa kwanza, pakatoka chuma kitupu. Pa pili vile vile. Pa tatu pakatokea kovu la kuchomelea, akasimama, jasho likimtiririka, akasema, "Labda hapa. Au hii ilikuwa kutu, sijui." Akaketi chini kwenye sakafu ya boti akalia, mwanamume mzima, mbele ya watu.

Yule mama hakulia. Alimwekea kaka mkono kichwani, akasema, "Basi. Acha." Kisha akaanzia mbele ya boti, akaenda nayo hadi nyuma akiupapasa ukuta kwa viganja viwili, juu na chini, kama mtu anayekandika nyumba yake udongo. Akarudi kwa upande wa pili. Alipomaliza, viganja vyake vilikuwa vya kijivu, maana rangi ilikuwa haijakauka vizuri. Akakataa maji ya kunawa.

Wakubwa walichelewa, wakahutubia kwa ufupi, wakaondoka. Mama naye akaondoka na basi la mchana.

Baada ya hapo kaka hakurudi tena Kirumba. Alipata kibarua katika kiwanda cha minofu, kazi ya kusimama kwenye maji baridi kutwa. Magugu maji yaliyokuwa yakienea ziwani yakaifikia boti, akina mama wakaanza kuanika dagaa juu yake, na wenzake wakatawanyika kila mmoja na shida zake.

Masika iliyofuata zikaja habari za msiba wa yule mama kutoka Majita. Tulikwenda wawili. Ukoo ulimpa kaka nafasi miongoni mwa watoto wa marehemu, akatupa udongo kabla ya wapwa. Njiani kurudi alikaa akitazama nje ya basi mpaka tulipolivuka daraja la Simiyu. Ndipo akanigeukia.

"Mdogo wangu," akasema, "sasa hakuna tena wa kuniuliza ni wapi."