Maziwa Niliyoyaandikia Sifuri

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka nacheka kwanza, ndipo namshukuru Mungu. Ni siku baba yangu aliponitaka nimsomee hesabu zangu kwa sauti, tukiwa tumesimama mbele ya zizi la ng'ombe, nami nilipofika mstari wa nne akanizuia kwa mkono.

Mwanangu, nakusimulia haya kwa kuwa najua mpo wengi mlioko Arusha, Dar es Salaam na Mwanza, mnapima kama mrudi nyumbani au msirudi. Kazi imepatikana huku Babati, ila mshahara wake ni mdogo kuliko wa huko. Unajiambia kwamba mshahara utapungua, lakini na maisha ni nafuu. Ni kweli. Ila nafuu nayo ina mwenyewe, na mimi sikumjua mwenyewe mpaka nilipomuumiza.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Nilifanya kazi Arusha, karani wa ghala katika kampuni ya kuuza mbegu na mbolea. Nilikuwa na mke, Mama Danieli, na watoto watatu, na sote watano tuliishi katika chumba kimoja na sebule. Mwisho wa mwezi tuliungoja kama mgonjwa anavyomngoja daktari. Basi chama kimoja cha wakulima cha huku kwetu kikatafuta mtunza ghala, nikaandika barua, nikaitwa. Kwa kila shilingi tatu nilizopata Arusha, wao wangenipa mbili.

Nikachukua karatasi, nikaipiga mstari katikati. Upande wa Arusha nikaandika kodi ya nyumba, unga, mkaa, maziwa, nauli, maji ya ndoo. Upande wa Babati nikaandika nyumba, sifuri, maana nilikuwa na kinyumba cha vyumba viwili nilichojenga uani kwa baba, kule kijijini Nakwa, jirani na mji. Unga, sifuri, kwa sababu shamba la wazee la Sigino lipo. Kuni, sifuri. Maziwa, sifuri. Nauli, sifuri, nitakwenda kazini kwa baiskeli. Nilipojumlisha nikajiona tajiri.

"Mcheza kwao hutunzwa," nikamwambia mke wangu.

"Maziwa yatatoka wapi?" akaniuliza.

"Kwa ng'ombe."

Akanyamaza. Mwanangu, mke mwenye hekima ana namna yake ya kunyamaza. Ukiisikia, weka kalamu chini kwanza. Mimi sikuiweka.

Tulihamia mwezi wa tisa. Tulipokewa kwa nyimbo, na Jumapili ile tulisimamishwa kanisani ili usharika utuone. Mama yangu alikuwa na furaha isiyo na kipimo. Kila asubuhi alileta mlangoni kwetu jagi la maziwa, na jioni jingine. Danieli, ambaye Arusha alikuwa na shingo kama ya kuku, akapata mashavu. Nami nilikuwa nimejaa shukrani, tena shukrani ya kweli, ila ilikuwa shukrani isiyouliza swali. Niliifungua karatasi yangu mbele ya baba nimwonyeshe jinsi mwanawe alivyo na akili. Akavaa miwani, akaitazama juu mpaka chini.

"Hm," akasema. "Mwandiko mzuri."

Nikadhani nimesifiwa.

Ikafika Jumatatu moja ya mwezi wa kwanza. Nilirudi nyumbani mchana kula, nikamkuta mdogo wangu Paulina zizini anazoa samadi. Paulina alikuwa anasomea ualimu, amebakiza mwaka mmoja, na wenzake walikwisha kuripoti chuoni wiki iliyotangulia.

"Mwalimu," nikamtania, "chuo kimehamia zizini?"

"Kimehamia, kaka. Hawa ndio wanafunzi wangu, na wana adabu kuliko wale wengine."

Akacheka, lakini alicheka huku amenipa mgongo. Nikaenda jikoni kumuuliza mama. Mama akasema Paulina atakwenda mwakani, Mungu akipenda, kisha akaniuliza kama niongezewe maziwa.

Nilipotoka jikoni, baba alikuwa ameegemea mti wa zizi.

"Elia, ile karatasi yako bado unayo?"

"Ninayo, baba."

"Ilete. Nisomee upande wa Babati."

Nikaileta, nikasoma. Nyumba, sifuri. Unga, sifuri. Kuni, sifuri. Nilipofika kwenye maziwa, akanyoosha mkono akanizuia.

"Hapo hapo. Kabla hujaja, maziwa ya ng'ombe huyu yalikwenda kila asubuhi kwenye mgahawa wa pale stendi, na yalikuwa yanaitwa ada ya Paulina. Ulipokuja ukayapa jina jipya. Sasa yanaitwa sifuri."

Mwanangu, nimewahi kukemewa na wakubwa wa kazi, nimewahi kuonywa na mchungaji, lakini hakuna maneno yaliyoniingia kama yale. Na hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayenionyesha kwamba kifungo changu cha shati kimefunguka.

"Mbona hamkuniambia?"

"Mama yako alinikataza. Alisema mtoto akirudi nyumbani hapimiwi maziwa. Paulina naye akasema kaka ana watoto wadogo, yeye atasubiri. Mimi nikasema nitangoja uulize. Nimengoja miezi minne."

Aibu ikinibana zaidi, hugeuka hasira; huo ndio udhaifu wangu, na Mungu amenivumilia nao. Nikasema, "Basi, baba, nirudi Arusha. Nafasi yangu bado ipo."

Mzee akacheka mpaka akaikamata kofia yake. "Nani amekufukuza? Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe tumekuacha siku mia, ukanenepa tu. Unasema mcheza kwao hutunzwa. Haya, wewe umecheza lini? Tumekutunza umekaa!"

Paulina alisikia mle zizini, akacheka hadi koleo likamdondoka. Safari hii aligeuka, nikamwona uso, na macho yake yalikuwa mekundu. Ndipo nilipojua kwamba kama Paulina hatakwenda chuo, kurudi kwangu nyumbani kutakuwa kumelipiwa na yeye, hata ningekaa Babati nikifurahi miaka hamsini.

Jioni ile nilipiga magoti pamoja na mke wangu, tukaomba, kisha tukaketi mezani na karatasi mpya. Safari hii kalamu niliikabidhi kwake.

"Andika ada ya Paulina," nikasema.

"Nimeanza nayo. Na unga je? Shamba la Sigino halilimwi na malaika."

"Andika mbegu, na vibarua wa palizi."

"Na michango? Arusha misiba ya huku tulikuwa tunaisikia tu. Sasa tunaisikia na kufika."

Tukaandika michango, sadaka, mafuta ya taa, na kuni, maana kuni nazo kuna mtu aliyekuwa anazibeba, na mtu huyo alikuwa mama yangu. Tulipojumlisha, utajiri wote wa karatasi ya kwanza ulikuwa umeyeyuka. Kilichobaki kwa mwezi kingetosha kilo chache za sukari. Lakini kilibaki, mwanangu. Arusha hakikuwa kinabaki kitu.

"Tunakaa?" nikamuuliza.

"Tunakaa," akasema Mama Danieli, "ila tunakaa kama wenyeji."

Shida ikawa ada ya muhula ule, kwa kuwa ilitakiwa mara moja. Nilikuwa na redio kubwa ya kaseti niliyokuja nayo kutoka mjini, ndiyo fahari yangu. Nikaiuza kwa mfanyabiashara mmoja wa sokoni. Nilidhani mke wangu atasikitika. Akasema, "Afadhali. Nilichoka kuamshwa na matangazo ya vifo."

Kisha nikafanya kosa la pili, dogo. Nilitia pesa kwenye bahasha nikampelekea mama, nikamwambia ni za maziwa ya mwezi. Mama aliishika bahasha kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika panya.

"Unaninunulia maziwa, Elia? Vizuri. Ngoja basi nikupigie hesabu na ya yale uliyonyonya."

Nilikimbia na bahasha yangu. Nikamfuata baba, nikamwambia mama amekataa. Akatikisa kichwa. "Mama halipwi. Mlipie mdogo wako chuo, na huyu ng'ombe mkatie majani. Hapo utakuwa umelipa, na hakuna atakayeona haya."

Tangu kesho yake niliamka alfajiri, nikakata majani pembezoni mwa shamba, nikayafunga nyuma ya baiskeli, nikayashusha zizini ndipo nikaoga nikaenda ghalani. Wenzangu kazini walinicheka. "Bwana Arusha, leo umekuja na chakula chako?" wakiniona na jani limenasa kwenye kola. Niliwajibu kwamba ng'ombe amenituma niwasalimie. Na ng'ombe aliyekuwa anakula mabua makavu, alipopata majani mabichi kila siku, alizidisha maziwa. Danieli na wenzake wakanywa, na ndoo nyingine ikaanza tena safari ya kwenda stendi.

Paulina aliondoka akiwa amechelewa kwa wiki mbili. Nilimsindikiza mwenyewe hadi basini, nikampandishia sanduku. Nikamwomba msamaha pale pale kati ya wapiga debe. Akaniambia, "Kaka, nilikuwa nimekusamehe tangu ulipofika. Nilichokuwa nangoja ni ada." Amefundisha watoto wa kijiji cha Mutuka, huku huku kwetu, miaka mingi, na baadhi ya waliopita mikononi mwake leo ni walimu.

Mwezi uliopita, baada ya ibada, binti mmoja wa usharika wetu aliyekuja likizo alinisalimia, "Shikamoo, babu." Nilipoitikia, akaniomba ushauri. Yeye ni mhasibu Dar es Salaam, amepata kazi hapa mjini kwa mshahara mdogo. Alikuwa na hesabu zake kwenye simu, zimepangwa kwa rangi, nzuri kuliko zangu mara mia. Nikaomba nione. Kwenye chakula alikuwa ameandika: kwa bibi. Nikamuuliza, "Na bibi anajua?" Akaziba mdomo kwa mkono. Hapo hapo akampigia, na bibi yake akafurahi sana, akasema aje, ila aje na gunia la mahindi kwa sababu mwaka huu mvua imemnyima. Walipatana kwa dakika mbili.

Mwanangu, ushauri wangu ni huu. Mshahara ukipungua si aibu wala si dalili kwamba Mungu amekuacha. Wengi walio na kidogo hapa wanalala usingizi mzuri. Basi pima, tena pima kwa kalamu, kwa kuwa imani haikatazi hesabu. Lakini usipime peke yako. Kabla hujajibu barua ya kazi, piga simu nyumbani, na usianze kwa kusema unakuja; anza kwa kuuliza. Chumba utakacholala kina nani sasa? Chakula utakachokula kilikuwa kiende wapi? Uliza ukiwa tayari kusikia, maana wazazi wetu hawasemi kwa urahisi, na mdogo wako atakupisha kimya kimya. Waambie pia ukweli wa mshahara wako mpya, wasikungoje kama wanavyomngoja mtu wa mjini. Babati ya leo nayo siyo ile yangu. Vyumba vina kodi ya kueleweka, na bodaboda hakupakii kwa undugu. Andika yote. Ukiona baada ya hayo hesabu inakubana kidogo lakini haimbani mwingine, njoo. Na ukiona kwamba nafuu yako itatoka kwenye sahani ya mtu, usikate tamaa. Tafuta utakachobeba mgongoni uje nacho, hata kama ni mzigo wa majani.

Nami nakuombea. Mungu aliyenipa mimi nafasi ya kutengeneza nilipoharibu, akupe wewe kuuliza mapema. Aibariki kazi ya mikono yako, iwe ya mjini au ya huku. Akupe riziki isiyomliza ndugu yako, na siku utakayoshuka pale stendi na masanduku yako, wakukimbilie wote, na asiwepo hata mmoja anayekupokea huku amekuficha jambo. Amina.