Fensi ya Endarasha na Stesheni Isiyo na Jina

Siku yangu ya kwanza kazini nilirushwa chini na waya mbele ya watu wote, na nalisema mapema ili wajukuu wangu wasilisikie kwa wengine. Tulikuwa wanawake watatu na wanaume wengi, tumepangwa mstari kando ya msitu juu ya Endarasha, kila mtu na panga lake. Nyapara, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, alitueleza kwamba fensi ile ya stima ndiyo inayosimama kati ya ndovu na viazi vyetu, na kazi yetu ni kuhakikisha hakuna jani linaloigusa. Kisha akatuonyesha jinsi ya kujua kama waya una stima bila kipimo. Unashika jani refu la nyasi mbichi, unagusa waya kwa ncha yake, halafu unalisogeza polepole mpaka mkono uanze kushtuka kidogo. Mimi nilichuma jani fupi. Nilijikuta nimekaa chini bila kuamua kukaa.

“Huyo sasa ameelewa,” nyapara akasema. “Nani mwingine anataka kuelewa?”

Aliponiinua akaona redio ndogo iliyoning'inia shingoni mwangu kwa kamba.

“Na hii ni ya nini, mama? Hapa tunafyeka, hatudansi.”

“Ni yangu, nyapara. Naizima.”

“Usizime. Weka AM, mahali hakuna stesheni.”

Nikaweka. Redio ikaanza kugonga: tik, tik, tik. Nyapara akanieleza kwamba fensi haipitishi stima mfululizo kama ya nyumbani. Kuna mashine kibandani inayoisukuma kwa pigo moja moja, na kila pigo redio hulisikia. Pale ambapo kikombe cheupe kinachoshika waya kimepasuka, au tawi limeegemea, stima huvuja, na redio iliyo karibu hugonga kwa nguvu. Mfanyakazi mwenye masikio hutembea na redio yake mpaka afike mahali inapopiga kelele zaidi, na kasoro iko hapo hapo.

“Basi hiyo redio imeandikwa kazi na wewe,” akasema, “lakini mshahara ni mmoja.”

Alichokuwa hajui nyapara ni kwamba redio ile haikuwa ya muziki. Mimi nina ugonjwa ambao nilitoka nao kwetu Mukurweini nikiwa msichana: kunasa stesheni za mbali. AM, wakati wa mchana, husikika karibu tu. Jua likishazama, mawimbi yake hupanda juu angani, yakagonga huko, yakarudi chini mamia ya maili kutoka yalipoanzia. Ndipo redio ya betri mbili, juu ya meza ya jikoni, inaposhika Sudan, Uarabuni, Bara Hindi. Na sheria yetu sisi wagonjwa ni moja: stesheni haihesabiwi mpaka uisikie ikijitaja jina kwa kinywa chake yenyewe. Kwa kawaida hujitaja saa inapogonga. Ukikosa hapo, hujanasa kitu, hata kama umesikia nyimbo zao mpaka umezijua.

Mume wangu, Baba Nyawira, ni mkulima wa kabichi na mtu wa kulala mapema. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa alinivumilia, wa pili akauliza.

“Huyo anasema nini?”

“Sijui. Ni Kiarabu.”

“Sasa unasikiliza nini?”

“Nasikiliza umbali.”

Akavuta blanketi. Asubuhi nilimsikia akimwambia dada yake kwamba mke wake ni mzuri, ana mkono wa kupika na wa shamba, ila ana kitu kidogo.

Nilipopewa kipande changu cha fensi cha kulinda, na nyumba ya mabati kando ya kibanda cha mashine, nilidhani nimefika mbinguni. Hakukuwa na stima ya nyumbani hata moja kijijini, kwa hiyo hakukuwa na kelele. Jioni ya kwanza nikaweka redio mezani, nikageuza kitufe cha stesheni taratibu, na nikasikia tik, tik, tik. Fensi ilikuwa imenifuata mpaka jikoni.

Wenye ujuzi watasema: geuza redio. Ni kweli. Ndani ya redio kuna kipande cheusi kama kalamu nene, na ukikielekeza kwenye kelele, kelele hupungua. Shida ni kwamba hupunguza upande wa pili pia. Fensi yangu ilikuwa magharibi, na stesheni nilizozipenda zilikuwa mashariki, ng'ambo ya bahari. Nikiua tik, naua na Wahindi.

Basi nikaona njia ni moja tu, kuifanya fensi ivuje kidogo iwezekanavyo. Nilifyeka kama mtu anayedaiwa. Nilifyeka Jumamosi. Kila kikombe chenye ufa nilikibadilisha siku hiyo hiyo, na nilimsumbua nyapara kwa vikombe vipya mpaka akawa akiniona anabadilisha njia. Tik ikapungua ikawa kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Haikuisha, maana fensi isiyogonga kabisa ni fensi iliyokufa, lakini nikaweza kusikia kilicho nyuma yake.

Na nyuma yake nikaisikia ile stesheni. Ilikuwa inaingia saa mbili kasorobo hivi, kwenye nafasi ambayo siku nyingi ilikuwa tupu. Wanawake waliimba kwa lugha ambayo haikuwa Kiarabu wala Kihindi, taratibu, kama watu wanaofua nguo pamoja. Halafu wimbo unaisha, mwanamume anavuta pumzi, saa inagonga, anataja jina, na tik inakaa juu ya jina. Kesho tena hivyo hivyo. Jina lilikuwa fupi, hilo nililijua, fupi kiasi cha kutosha chini ya pigo moja la fensi. Nilikuwa nimenasa nchi nyingi, lakini hii moja ilininyima usingizi. Niliitaka kuliko nilivyotaka ng'ombe wa pili.

Wakati mimi nahangaika na jina, ndovu walihama kipande changu. Huwezi kuwalaumu, nilikuwa sijawaachia hata jani la kujaribia waya. Habari zikafika Nyeri mjini kwa Meneja, mkubwa wa fensi yote, mtu mrefu wa suti ya kaki aliyependa kuleta wageni. Akaja nao, akawaonyesha waya wangu, akanionyesha na mimi.

“Mama Nyawira, waambie siri yako.”

“Nafyeka tu, Meneja.”

“Mnaona?” akawaambia wageni. “Hana maringo.”

Mwezi uliofuata nikaitwa kwenye usaili wa kuwa msimamizi wa wafyekaji wote, ofisi Nyeri mjini. Nilijua mji una nini: taa, mashine za kuchomelea, televisheni kila chumba. Huko AM haisikiki kabisa. Nikaamua kuanguka usaili huo kwa nguvu zangu zote.

“Ndovu akivunja fensi usiku,” Meneja akauliza, “utafanya nini kwanza?”

“Nitalala mpaka asubuhi.”

Wazee wawili waliokaa naye wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja akasema, “Huyu hawezi kupeleka watu wauawe gizani.”

“Ukipewa vijana ishirini utawaongoza namna gani?”

“Nitawaacha.”

“Anaamini watu wake,” Meneja akasema, na akaandika.

Nikapata kazi. Nimewahi kuona watu wakilia kwa kunyimwa cheo, lakini kwa kupewa nilijiona peke yangu.

Nyeri nilipanga chumba nyuma ya karakana ya kuchomelea. Jioni niliwasha redio, na ilikuwa inakaanga kama mafuta motoni. Nilikwenda nayo dirishani, nikapanda nayo juu ya kitanda, nikaingia nayo chooni. Nilinasa mhubiri mmoja wa hapo hapo mjini, ambaye hata bila redio nilikuwa namsikia. Mchana nilisimamia watu, jioni nilisimamia ukuta. Nilikonda. Baba Nyawira alipokuja kunitembelea aliniangalia, akaangalia redio imefunikwa kitambaa, akasema, “Rudi nyumbani na kile kitu chako kidogo.”

Nikaenda kwa Meneja.

“Ati unataka nini?” akauliza.

“Kurudi Endarasha. Kufyeka.”

“Mama, watu wanapigania ofisi, wewe unapigania msitu? Uko na shida na mtu?”

Hapo nikachoka kuzunguka, nikamwambia yote. Nilimweleza habari ya AM, ya tik, na ya wanawake wanaoimba. Alisikiliza bila kupepesa, uso ukibadilika rangi.

“Siku zote hizi,” akasema polepole, “mimi nakusifu mbele ya wageni, kumbe ulikuwa unasikiliza Wahindi?”

“Na Waarabu, Meneja.”

Nikajua nimefukuzwa, na nikaanza kufikiria nitamwambia nini Baba Nyawira. Meneja akainuka, akasimama dirishani akinipa mgongo.

“Ndovu walipita?”

“Hapana.”

“Hata mmoja?”

“Hata mmoja.”

“Basi rudi huko uendelee na utovu wako wa nidhamu.”

Nikarudi, na nilikaa pale mpaka nilipostaafu. Lakini miaka haikunisubiri. Stesheni za AM zilianza kuzimwa moja moja. Leo unamsikia jamaa wa kisiwa fulani akitangaza, kesho mahali pake pana mvumo mtupu, na hakuna anayekuja kukupa pole. Kila jioni nilipofika kwenye nafasi ya wale wanawake nilishika roho mkononi. Wakawa bado wanaimba, na bado jina linakaa chini ya tik.

Siku ya kuniaga walichinja mbuzi wawili pale kibandani. Wakulima wa chini walikuja, mchungaji wa kanisa alikuja, Meneja alikuja, naye nywele zilikuwa zimeshakuwa nyeupe. Baada ya hotuba akaniuliza mbele ya watu nataka zawadi gani. Kila mtu alijua ni tangi la maji, maana hata lilikuwa limeshanunuliwa, nililiona nyuma ya pikapu limefunikwa turubai.

“Nataka fensi izimwe dakika tano,” nikasema. “Kabla ya saa mbili kidogo.”

Watu wakacheka. Meneja hakucheka. Alizunguka kibanda mara moja, akaita vijana, akawapanga kando ya waya na tochi, kisha akamweka mtu wa mashine tayari.

“Dakika tano, Mama Nyawira. Ndovu hawajui wewe umestaafu.”

Nikaweka redio juu ya kreti ya soda. Wanawake walikuwa wanaimba. Meneja akapunga mkono, mtu wa mashine akazima, na tik ikaondoka.

Sikuwahi kuwasikia hivyo. Mmoja alikuwa anakohoa, nikamsikia akikohoa kutoka ng'ambo ya bahari. Baba Nyawira alikuwa amesimama nyuma yangu na kipande cha nyama mkononi, amesahau kula. Wimbo ukaisha. Mwanamume akavuta pumzi.

Na mianzi ikavunjika upande wa msitu. Krak. Mara moja tu.

“Washa!” nikapiga kelele. “Washa! Washa!”

Mtu wa mashine aliwasha. Tik. Ikakaa juu ya jina.

“Mama!” Meneja akashika kichwa. “Si ungengoja nusu dakika!”

“Nusu dakika ndovu amefika kwa viazi, Meneja.”

Nililia mbele ya watu wote, kwa sauti, bila kutafuta leso. Wageni wakapiga makofi, mchungaji akasema tazameni mtu anayeipenda kazi yake. Asubuhi Meneja akanipigia simu, akicheka mpaka anakohoa. Walikuwa wamefuata nyayo ndani ya mianzi, wakakuta ni ng'ombe wa jirani aliyekuwa analishwa msituni bila ruhusa.

Sasa tuko Mukurweini, kwa ndugu zangu, na tangi limejaa. Vijana wa fensi wakija huniuliza kama yule ng'ombe ananiuma. Ananiuma. Msimu wa mvua uliofuata haukuwa umeisha, na tulikuwa hatujahama Endarasha, nilipofika kwenye nafasi ile nikakuta mvumo, na tangu hapo ni mvumo. Jina lao sitalijua.

Lakini mchungaji alikosea. Jioni ile sikuililia kazi hata tone, niliililia stesheni. Kazi niliililia kesho yake asubuhi, peke yangu, nilipokuwa nimeshavaa buti na kuchukua panga, nimefungua mlango, ndipo nikakumbuka.