Winchi avuka mstari, mayai kichwani pa mwenzake

Saa mbili asubuhi, lori limeshageuza mgongo mlangoni mwa ghala. Dereva anazima injini, anateremka, anajinyoosha mpaka mifupa inalia. Hajamaliza kupiga miayo, mwanamke mmoja ameshapanda juu ya bodi. Amesimama mbele ya shehena ya mayai, mikono kiunoni, kama mwenye nyumba aliyerudi safari akakuta wapangaji wamehamisha makochi.

"Dereva, umeleta mayai au umeleta vifaranga?" anauliza. "Maana kwa mwendo wako huo, wengine humu wameshaanza kutembea."

"Dada, barabara ni mbovu."

"Barabara ni mbovu, na wewe ulikuwa unaitafuta sehemu mbovu zaidi."

Jina alilopewa na wazazi wake analikumbuka mama yake tu. Hapa, pande zote mbili za mpaka, anaitwa Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo bandarini. Ni mwembamba, na akicheka anaonekana ana meno mengi kuliko kilo. Anayemwona kwa mara ya kwanza hudhani jina hilo ni la utani. Akishaona gunia linavyopanda kichwani pake, utani humtoka mwenyewe.

Chini ya lori anamsubiri Pacha, mwanamke mwenzake. Hawakuzaliwa tumbo moja, wala nchi moja. Winchi ni wa upande huu wa mpaka, Pacha ni wa upande ule. Undugu wao ni wa mabega.

"Mama zetu hawajuani," anasema Pacha, "lakini mabega yetu yamenyonya ziwa moja."

Trei za mayai zinaanza kushuka. Zinatoka mikononi mwa Winchi, zinapokelewa na Pacha, zinapita kwa wanawake na wanaume waliojipanga mstari hadi ndani ya ghala. Hakuna trei inayowekwa chini njiani. Mmoja akitaka kujikuna, anavumilia.

"Mzigo haugusi ardhi," anasema Winchi. "Hiyo ndiyo sheria yetu. Wewe unaweza kugusa ardhi, hata kwa pua. Mzigo, hapana."

Sheria hiyo haikutungwa na tajiri wala na chama. Ilitungwa na ugomvi.

Nchi hizi mbili zilikuwa majirani wa kuazimana chumvi na kunyimana moto. Mwaka mmoja jirani alisema mayai ya upande huu yana ugonjwa, akayakataa. Upande huu ukanuna, ukazuia malori yake. Naye akazuia ya huku. Mwisho ukachorwa mstari wa njano katikati ya lami, kati ya mageti mawili, na amri ikatoka: hakuna gari wala mtu atakayeuvuka.

Lakini watu wana njaa ya unga na haja ya sabuni, amri iwepo isiwepo. Ikabidi mizigo ipokezwe pale mstarini. Mpagazi wa upande huu anafika na gunia lake kichwani, anasimama. Mpagazi wa upande ule anasogea, analipokea kichwani kwake, anageuka. Ukithubutu kuweka gunia chini, limekwisha. Mzigo uliolala juu ya mstari hauna kwao, kwa hiyo maofisa wa pande zote mbili waliutoza ushuru kana kwamba ni wa kwao.

Ndiyo sababu wapagazi walipangwa wawili wawili kwa kimo cha mabega. Mabega yakilingana, gunia huteleza kutoka kichwa hiki hadi kile bila kuinama. Winchi alipimwa na wanane kabla ya kupata wa kulingana naye.

"Wa kwanza alikuwa mlingoti," anakumbuka. "Nikimpa gunia ni kama namkweza mbuzi mtini. Wa pili alikuwa mfupi, mzigo ukamwendea mbio. Alipokuja huyu, gunia likahama lenyewe. Tukatazamana. Nikasema, basi, nimeoa."

Amri hiyo, walisema, ni ya muda tu. Ikakaa mpaka binti wa kwanza wa Winchi akaota meno, akayang'oa, akaota mengine.

Kwa muda wote huo, wawili hao waliishi pua kwa pua. Kila gunia liliondoka na kata yake, ile duara ya kitambaa ya kukalishia mzigo kichwani, na kata tupu ikarushwa kurudi. Leo hakuna anayejua ipi ilikuwa ya nani.

"Nilikuwa naijua pumzi yake kuliko ya mume wangu," anasema Winchi. "Akila kitunguu, najua. Akigombana na mtu nyumbani, najua. Lakini mlango wa nyumba yake una rangi gani? Sikujua."

Siku moja gunia lilipokelewa na bega refu, likayumba. Winchi hakuuliza. Alijua Pacha amejifungua. Kesho yake alificha kisweta cha mtoto ndani ya kata, kikavuka mpaka kichwani mwa mtu mwingine, chini ya gunia la unga.

"Mwanangu alivaa kisweta cha magendo," anasema Pacha, na kikosi kizima kinaangua kicheko.

Maisha hayakuwa kicheko. Gunia moja lilimlipa Winchi bei ya mkate mmoja. "Mkate wa jana," anaongeza. Mume wake ni fundi baiskeli, mtu wa kuziba pancha, na pancha hazina ratiba. Siku ambazo jirani alinuna zaidi na geti likafungwa, chai ilinywewa bila sukari, na watoto wakaambiwa sukari imeenda kusalimia.

Kisha ukaja uchaguzi, akashinda rais mpya, mtu mfupi mwenye sauti iliyomzidi kimo. Alikuwa amezunguka nchi nzima na neno moja: jirani hahamishwi, kwa hiyo afadhali tufanye naye biashara. Hajakaa ofisini vizuri, akafunga safari kwenda kwa jirani. Redio ikatangaza kwamba malori yatapita moja kwa moja, na mayai yatanunuliwa tena.

Mtaa mzima ulishangilia. Winchi naye alishangilia, kwa muda mfupi.

"Nilipiga makofi mawili," anasema. "La tatu likagoma mikono ikiwa hewani. Nikamuuliza mume wangu, malori yakipita moja kwa moja, nani atanihitaji pale mstarini?"

"Akakujibu nini?" anadakia dereva.

"Akasema, mke wangu, pale mstarini hata mstari wenyewe hautahitajika."

Hiyo ndiyo ilikuwa hofu ya wapagazi wote. Amani inakuja, na inakuja na magurudumu. Walioishi kwa ugomvi wa wakubwa walijikuta wanauogopa upatanisho wao, na wanaona haya kusema.

Siku ya kufungua njia, ilipangwa mayai ya kwanza yavuke kwa heshima, kichwani mwa mpagazi, kabla ya lori la kwanza. Wenzake wakamchagua Winchi. Rais mpya na mwenyeji wake, rais wa upande ule, wakasimama upande wa pili, chini ya turubai, na bendi ikawa tayari.

Mume wake alimuaga kwa maneno ya kumtia moyo: "Ukiyaangusha, usirudi nyumbani. Kaombe uraia huko huko."

Winchi akatembea. Kapu la mayai limetulia kichwani, shingo imenyooka. Akaufikia mstari wa njano. Akasimama.

Hakupanga kusimama. Miguu ndiyo iliyosimama. Miaka yote hapo ndipo ilipofundishwa kwamba dunia inaishia. Bega likageuka lenyewe, kama kawaida. Na upande wa pili, Pacha, aliyekuja kutazama tu kama watu wengine, akachomoka kwenye umati, kata kichwani, akalipokea lile kapu. Kisha akageuka kuondoka nalo.

Bendi ilikuwa imeshavuta pumzi. Haikujua iitoe au iimeze.

"We Pacha!" Winchi akapiga kelele. "Unakwenda wapi na mayai ya serikali?"

Pacha akasimama. "Si umenipa?"

"Nimekupa kwa mazoea!"

"Nami nimepokea kwa mazoea! Haya, njoo uyachukue."

"Nitavukaje?"

"Kwa miguu, shoga yangu! Leo ruhusa, au hujasikia redio? Pita!"

Umati ulicheka mpaka turubai likatikisika. Rais mpya alikuwa anajifuta machozi kwa tai. Winchi akatazama chini, akanyanyua mguu wa kulia kama anayevuka dimbwi, akauvusha. Nchi haikupasuka. Akauleta na wa kushoto. Pacha akamshika mkono, mayai yakiwa bado kichwani pake, na wakaenda hivyo mpaka mbele ya wageni. Halikupasuka hata yai moja.

"Mama, mbona ulisimama?" rais akamuuliza.

Hapo Winchi angeweza kucheka tu na kwenda zake. Nyuma yake kulikuwa na wapagazi wote.

"Mheshimiwa, nimesimama kwa sababu kazi yangu inaishia pale. Malori yakipita, sisi tutapita wapi?"

"Sitakudanganya," rais akasema. "Kazi ya mstarini inakufa leo."

"Ife, ilikuwa inatuua. Lakini lori likifika halijishushi lenyewe. Mzigo ukienda kwao au ukija kwetu, tuushushe sisi. Nao wenzetu hivyo hivyo."

"Kikosi kimoja!" Pacha akadakia. "Mabega hayana pasi ya kusafiria, mheshimiwa!"

Marais wawili wakatazamana. Yule mwenyeji, ambaye siku nzima alikuwa hajatoa jino nje, akasema, "Kama wamepokezana mayai hivi bila sisi kuwaamuru, tukiwazuia tutaonekana wajinga." Ikatangazwa pale pale kwamba wapagazi watavuka kwa ruhusa ileile ya madereva.

Ruhusa ni jambo moja, mteja ni jingine. Tajiri wa mayai, mwenye ghala hili, alikuwa na mikokoteni yake na hakutaka maneno. Akawapa lori moja la majaribio, akasimama kando kuhesabu hasara. Lori likaisha, hasara haikuonekana. Akaokota trei moja mwenyewe aikague, ikamponyoka.

"Hiyo tusikatwe malipo sisi," Winchi akamwambia. "Hiyo imevunjwa na mwenyewe."

Tangu siku hiyo mikokoteni inabeba takataka. Kikosi cha pande mbili kinashusha malori huku asubuhi na kule mchana, na matajiri wengine wamejipanga kukiomba. Sukari imerudi kutoka matembezini, na haijaaga tena.

Winchi na Pacha sasa wanaweka akiba wanunue lori lao. Wameshaanza kubishana kuhusu rangi, na ubishi haujaisha. Maneno ya nyuma ya lori, hata hivyo, wameafikiana: HAUGUSI ARDHI.

"Tutashusha mzigo wetu wenyewe kutoka kwenye lori letu wenyewe," anasema Winchi. "Halafu tujilipe, halafu tujidai tumepunjwa."

Adhuhuri imekaribia, ghala limejaa, na kikosi kinaelekea upande wa pili kwa miguu. Chakula cha leo kitaliwa kwa Pacha, nyuma ya mlango ambao Winchi sasa anaujua vizuri. Ni wa kijani, na anaona ungependeza zaidi ukiwa mwekundu.

Mstari wa njano umefifia kwa mvua na matairi. Ukitaka kuuona lazima uiname. Lakini kila akifika hapo, Winchi husita kidogo tu, unyayo ukiwa hewani.

"Mguu wa kulia bado unabisha hodi," anasema.

"Karibu," Pacha anamjibu, ameshavuka. "Tena umechelewa."