Ufito Uliotikisika

Mjomba wangu alikuwa bingwa wa kuruka juu kabla sijazaliwa, na tangu awe kocha hamtazami mwanafunzi wake akiruka. Huvipa vilima vya Mudende uso, akasikiliza. Anasema ufito ukigongwa kwa kisigino hulia vingine kabisa kuliko ukigongwa kwa mgongo. Mimi nilimaliza chuo, kazi sikupata, nikawa namsaidia kubeba godoro la kuangukia, na kuwaza yote yanayoweza kuharibika.

Siku ya mashindano hapa Gisenyi niliwaza mvua, misumari ya viatu, hata kuumwa tumbo kwa binti tuliyemleta kuruka. Akivuka kimo kilichowekwa angechukuliwa timu ya taifa. Asipovuka, umri ulikuwa unampita. Lilibaki jaribio moja. Mjomba akageuka.

Binti akaruka. Niliuona mgongo wake ukipita juu ya ufito, nafasi katikati ikitosha kupitisha kiganja. Akaangukia godoroni, akainuka anacheka. Ndipo ardhi ikatikisika chini ya nyayo zangu, kidogo tu, na ufito ukaanguka.

Mwamuzi, mgeni kutoka Kigali, akainua bendera nyekundu. Nikamkimbilia, nikamweleza kwamba si binti aliyeuangusha, kwa hiyo mruko uhesabiwe. Akawauliza watu kama kuna aliyehisi tetemeko. Wakatazamana. Sisi wa huku chini ya volkano tumeyazoea. Sahani zikilia kabatini tunaendelea kula. Muuza maandazi akasema, "Huyu hata kikombe ya chai inamutikisika mukononi." Wakacheka. Mwamuzi naye akatabasamu, bendera ikabaki juu.

Ni kweli, mimi hutetemeka. Nimetetemeka kwenye kila usaili wa kazi. Nikaanza kujiuliza kama ilikuwa ardhi au magoti yangu.

Binti alikuwa akimtazama mjomba, akingoja aseme neno. Angesema nini? Alikuwa ametupa mgongo, na kelele za watu zilikuwa zimemeza mlio wa ufito.

Watu walipoondoka Mjomba akanisogelea. "We, ulisikia udongo ukitikisika kweli? Usiseme juu ya kunifurahisha."

"Nilisikia, Mjomba. Nadhani."

Akaurudisha ufito juu ya nguzo zake, tukaketi sote watatu kwenye godoro. Sikuwahi kumwona akiukodolea macho namna ile. Tukangoja ardhi itikisike tena, hata kidogo. Ilitulia mpaka giza likaingia.